Nodi ya Ethereum chumbani: chumo lake ni halali?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shehe wangu. Mimi ni kijana wa Mombasa. Mimi na kakangu aliye Muscat tuna etha 8, yaani sarafu za kidijitali za mtandao wa Ethereum, tulizozinunua kidogo kidogo. Tangu 2023 tumeziweka Rocket Pool, mfumo unaounganisha etha za watu wengi, nami naendesha nodi, yaani kompyuta inayoufanyia kazi mtandao huo, hapa nyumbani. Mfumo unaongeza etha 24 za watu wengine juu ya 8 zetu, zinatimia 32 za kumsimamisha mthibitishaji mmoja wa Ethereum, yaani mlinzi wa daftari lake la miamala. Tunapata faida ya 8 zetu pamoja na asilimia 14 ya faida ya zile 24. Tuliweka pia sarafu zao za RPL, maana wakati ule lilikuwa sharti. Sasa mambo yamegeuka. Katika toleo jipya waliloliita Saturn, etha 4 zinatosha kumfungua mthibitishaji, RPL si lazima tena, na kamisheni ya msingi ni asilimia 5, mwenye RPL akigawiwa fungu jingine. Kakangu ataka tuhamie huko, tuwe na wathibitishaji wawili kwa etha zilezile 8. Lakini mzee mmoja barazani ameniambia hii ni pesa kuzaa pesa, riba tupu. Je, tunachokula ni halali? Tuhame? Na zaka tunaitoaje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Kabla ya kujibu nilimpigia simu muulizaji, nikamwomba anitumie picha ya hiyo nodi, maana si vyema kutoa hukumu juu ya kitu usichokijua umbo lake. Ni kisanduku kama mkebe wa biskuti, kimewekwa juu ya kabati chini ya feni, kina taa moja ya kijani na waya wa intaneti. Akaniambia kuwa mwaka jana, mkesha wa Idi, mamake alikichomoa ili apige pasi kanzu, na nodi ikalala hadi asubuhi. Nilicheka, lakini kisa hicho cha pasi tutakirudia.

Kuhusu sarafu zenyewe, maulamaa wamehitilafiana na sitalirefusha. Darul Iftaa ya Misri ilizikataza. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha 24 huko Dubai, Novemba 2019, halikukata shauri, likataka utafiti zaidi. Baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji ya Malaysia liliruhusu biashara yake mwaka 2020. Mimi niko pamoja na wanaoziona kuwa ni mali inayomilikiwa na kuthaminiwa, kwa tahadhari. Asiyekubali msingi huu, jibu langu lililobaki halimhusu.

Sasa riba. Mzee wa barazani hakukosea kushuku. Ziko kampuni zinazopokea sarafu za watu, zinazikopesha kwingine, kisha zinamlipa mwenye sarafu asilimia maalumu kila mwezi, akae macho au alale. Hiyo ni riba iliyovishwa kanzu mpya. Lakini kusteki, yaani kufungia etha kama dhamana ya kazi, kwenye Ethereum si mkopo, kwa sababu hakuna aliyekopeshwa. Tangu 15 Septemba 2022, Ethereum ilipoacha mashine za kuchimba sarafu, usalama wa daftari lake unalindwa na wathibitishaji. Kila sekunde 12 kuna nafasi ya bloku mpya, yaani fungu jipya la miamala, na kila dakika sita na ushei kila mthibitishaji hutakiwa kutoa ushahidi wake kwamba daftari ni sahihi. Akitoa kwa wakati, analipwa. Asipotoa, halipwi, na tena anatozwa. Mkopeshaji gani umewahi kumwona akitozwa faini kwa sababu umeme umekatika kwake?

Jambo la karibu zaidi katika fiqhi ni jualah, yaani ujira ulioahidiwa kwa atakayekamilisha kazi. Asili yake imo katika Surat Yusuf aya ya 72, pale watumishi wa mfalme walipoahidi shehena ya ngamia kwa atakayelileta kopo. Etha 32 zinazofungiwa ni mfano wa dhamana ya mfanyakazi ili asihini. Utaniambia ujira wenyewe hubadilikabadilika, na wenzetu wa madhehebu ya Shafi wanashurutisha ujira ujulikane. Kweli, ila kanuni yake ya hesabu inajulikana na iko wazi kwa kila mtu, na hilo kwangu latosha. Basi riba siioni hapa.

Ninapopaona pazito ni penginepo, na muulizaji hakupagusa kabisa: zile etha 24 za watu.

Tazama hesabu. Tuseme mthibitishaji amechuma etha 1 kwa mwaka. Robo, yaani 0.25, ni yenu kwa zile 8. Iliyobaki 0.75 ni ya wenye 24, na kamisheni yenu ya asilimia 14 humo ni 0.105. Nyinyi mnapata 0.355, wao 0.645. Huu ni ushirika ambamo mmoja ametoa mali na kazi, mwingine mali peke yake. Kwa Mashafi, faida katika ushirika wa inani, ambamo kila mmoja ametoa mtaji, hugawanywa kwa kadiri ya mtaji tu, na sharti la kumzidishia mmoja linauharibu mkataba. Mahanafi na Mahanbali wanaruhusu mwenye kazi azidishiwe kwa makubaliano, na ndilo ninalolifuata katika suala hili, maana anayeamka usiku kusasisha programu si sawa na aliyelala. Kwamba hamjaonana na wenzenu wala kutamkiana, bali mkataba erevu, yaani programu inayotekeleza masharti yenyewe, ndio umewaunganisha, haidhuru, maadamu masharti yalikuwa wazi na kila mmoja ameingia kwa hiari.

Penye mwiba ni hasara. Katika Rocket Pool, hasara ikitokea hulipwa kwanza kutoka fungu la mwendeshaji, ili wenye 24 wasiguswe. Wanazuoni wameafikiana kuwa hasara ya ushirika ni kwa kadiri ya mtaji, na mwenye kuendesha mali ya mwenzake ni mtu wa amana: hadhamini ila amefanya uzembe au amevuka mipaka. Kumshurutisha adhamini kila hali ni sharti batili.

Hapa lazima tutenganishe hasara na hasara. Adhabu kubwa ya Ethereum, ile ya kukatwa dhamana na kutolewa, haimpati mtu kwa bahati mbaya ya umeme. Inampata aliyetia saini mbili zinazopingana. Na kisa chake cha kawaida ni hiki: umeme umekatika, kijana ana haraka, anahamishia funguo za mthibitishaji kwenye laptopu yenye betri na kuiwasha. Saa mbili baadaye umeme unarudi, kisanduku juu ya kabati kinaamka chenyewe kwa funguo zilezile, na sasa mashine mbili zinashuhudia kwa jina moja. Huo ni uzembe bila ubishi, na kulipa ni haki. Kisa cha pasi nacho kimo humo, ingawa faini yake ni ndogo sana: kitu kinachobeba mali ya watu hakiachwi mahali kinapochomoleka. Kadhalika aliyepuuza kusasisha programu kabla ya mageuzi ya Ethereum yaitwayo Pectra ya 7 Mei 2025, au Fusaka ya 3 Desemba 2025, akajikuta nje ya mtandao, alijitakia.

Lakini mara tu baada ya Fusaka, programu ya Prysm, mojawapo ya zile ambazo waendeshaji huzitumia, ilipata hitilafu na wathibitishaji wengi wakakosa kushuhudia. Mwenye kuitumia alifanya nini kibaya? Hakufanya. Hasara ya namna hiyo ilipaswa kugawanywa kwa mtaji, na sharti linalombebesha mwendeshaji peke yake lina kasoro kisharia. Je, kasoro hiyo inaharamisha chumo lote? Kwa Mahanafi na kwa kauli mashuhuri ya Mahanbali, sharti la kumdhaminisha mwenye amana hubatilika lenyewe na mkataba ukabaki. Na anayedhulumika na sharti hili ni wewe, si wao. Ukivumilia hasara yako hujala haki ya mtu. Kwa hiyo sisemi uondoke.

Je, mhame? Pectra ilipunguza adhabu ya awali ya kukatwa, kwa mthibitishaji wa etha 32, kutoka etha 1 hadi chini ya sehemu moja ya mia ya etha, na hilo limewapa wengi ujasiri. Lakini rudia hesabu kwa toleo jipya, kamisheni ya asilimia 5, bila fungu la RPL. Kila mthibitishaji wa etha 4 akichuma 1, mnapata 0.125 yenu na kamisheni ya 0.04375. Kwa wawili ni 0.3375. Ni chini ya 0.355 mnayoipata sasa! Na mali ya watu mnayoibeba inatoka etha 24 hadi 56. Kisharia kuhama ni ruhusa. Ila mwambie kakako kwamba mnaongeza mzigo wa amana maradufu na zaidi, na bila RPL mnaufanya kwa malipo pungufu. Mwenyezi Mungu ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, katika Surat An-Nisaa aya ya 58, na asiyetaka kuongeza amana halaumiwi.

Liko jingine ambalo lingenikosesha usingizi kama nodi ingekuwa yangu. Zamu yako ya kutengeneza bloku ikifika, unaweza kuitengeneza mwenyewe, au ukatumia programu ya MEV-Boost na kuipokea bloku iliyopangwa na wengine, wanaokulipa bakshishi nono. Sehemu ya unono huo hutoka kwa wanaovizia foleni ya miamala. Wanamwona mtu anataka kununua sarafu fulani, wanajipenyeza kununua kabla yake, bei inapanda, yeye ananunua ghali, nao wanauza papo hapo. Maskini hajui hata kilichompata. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni, kwa sababu msafiri hajui bei, na hawa wanafanya jambo baya zaidi ya lile. Huwezi kuipekua kila bloku, lakini unaweza kuacha kuzipokea. Rocket Pool hailazimishi MEV-Boost. Tengeneza bloku zako mwenyewe, na ujitoe katika mfuko wa pamoja wa kugawana bakshishi, kwa kuwa humo utagawiwa za wengine. Usiogope kwamba unawapunja wenye 24. Mshirika hana haki ya kukudai chumo la dhuluma. Ila anwani ya kupokelea bakshishi usiibadilishe kamwe ili ziende kwako peke yako, hiyo ni khiyana ya wazi. Na za miaka iliyopita ulizozipokea bila kujua, kadiria, utoe sadaka kadiri moyo wako utakavyotulia.

RPL sijaridhika nayo. Zamani mlilipwa kwa sarafu mpya zilizochapishwa, sasa mwenye kuiweka anagawiwa fungu la chumo la etha. Akilipwa kwa kushiriki kweli katika kupiga kura na kuusimamia mfumo, ina sura ya ujira. Akilipwa kwa kuiweka tu, sioni kazi wala hasara anayoibeba katika zile etha. Kwa kuwa si sharti tena, kuitoa ndiko salama kwa dini yenu, hata kama kutapunguza pato.

Zaka ni nyepesi. Tangu 12 Aprili 2023 etha zilizofungiwa zinaweza kutolewa, hivyo msiseme mali imeshikwa. Mwaka wa Hijria ukitimia, hesabuni etha 8, faida iliyobaki mkononi na RPL kama bado mnayo, kwa bei ya siku hiyo. Thamani ikifika gramu 85 za dhahabu, toeni asilimia 2.5, kila mmoja kwa fungu lake. Zile 24 zina wenyewe, haziwahusu.

Na hicho kisanduku kitafutie betri ya akiba na soketi yake peke yake, ambayo mama hatahitaji kuigusa.

Wallahu a'lam.