Rojo ya tufaha haichukui nafasi ya karoti

Mama mmoja ameniandikia kwamba mwanawe wa miezi tisa anatema karoti kila akilishwa, lakini rojo ya tufaha, yaani tufaha lililopikwa likapondwa, anaimaliza na kulilia nyingine. Amesoma kwenye kopo kuwa gramu 100 zina kilokalori 42, akatazama karoti mbichi akakuta 41. Sasa anauliza: si ni yale yale? Kwa nini agombane na mtoto bure?

Si yale yale, mama. Kilokalori zinapima nguvu tu, na baada ya hapo vyakula hivi viwili havifanani tena.

Tofauti kubwa ni vitamini A. Gramu 100 za karoti zilizochemshwa humpa mlaji takriban mikrogramu 850, ambazo mwili unazitengeneza kutokana na beta-karotini, ile rangi ya chungwa. Rojo ya tufaha ina mikrogramu 1 au 2. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji 300 kwa siku. Wa miezi 7 hadi 12 hukadiriwa 500, na nyingi kati ya hizo anazipata kwenye maziwa ya mama. Piga hesabu: gramu 35 za karoti iliyopondwa, kama vijiko viwili vya mezani, zinafikisha 300. Kwa rojo ya tufaha mtoto angekula zaidi ya kilo 10. Wanaosema "matunda na mboga ni mamoja, mradi ale" waanze na hesabu hiyo.

Kwingine pia karoti iko mbele. Potasiamu ni miligramu 235 dhidi ya 74. Nyuzinyuzi ni gramu 3 dhidi ya 1.1, kwa sababu rojo ya dukani hutengenezwa bila ganda, na tufaha zima lenye ganda lake lina 2.4. Sukari inapinduka: karoti iliyochemshwa ina gramu 3.5, rojo isiyoongezwa chochote ina zaidi ya 9. Ajabu ni kwamba wenye kisukari ndio wanaotishwa kuhusu karoti, huku wakiruhusiwa kikombe cha rojo "kwa kuwa ni tunda". Rojo ikiwa imetiwa sukari, kilokalori zake zinapanda hadi 68 hivi. Soma orodha ya viambato, siyo picha iliyo mbele ya kopo.

Vitamini C isikusumbue upande wowote. Karoti iliyopikwa ina miligramu 3.6, rojo kama 1, wakati papai lina 60. Ukiona kopo la rojo linajivunia vitamini C nyingi, jua ni asidi askobiki iliyoongezwa kiwandani ili isigeuke rangi. Hiyo haikutoka kwenye tufaha.

Sasa, karoti inaweza kupikwa vibaya hadi faida yake ikapotea, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Beta-karotini imefungiwa ndani ya kuta za seli, tena huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Karoti mbichi iliyotafunwa nusunusu hupita na kutoka na sehemu kubwa ya rangi yake. Ipike, iponde, itie mafuta.

Chagua karoti za ukubwa wa kati, ngumu, zenye rangi iliyokolea. Zile nene zilizokaa sana shambani zina kiini kigumu kilichopauka, ambacho hakipondeki hata kwenye blenda, na mtoto hutema chengachenga hizo kabla hata ya kupima ladha. Kwa gramu 250, menya juujuu, kata vipande vya unene wa sentimita 1, tia maji nusu kikombe, funika, chemsha kwa moto mdogo dakika 12 hadi 15. Uma ukizama bila kusukumwa, imeiva. Usijaze sufuria maji na kuyamwaga baadaye, maana potasiamu huenda nayo. Ponda na maji yaliyobaki, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa kila gramu 100. Alizeti yanafaa, parachichi lililopondwa linafaa. Mawese mekundu, kwa walio Kigoma, Burundi au Kongo, ni bora zaidi kwa kuwa yenyewe yana beta-karotini. Chumvi na sukari havihitajiki, na asali ni marufuku kabla ya mtoto kutimiza mwaka.

Mtoto akitema mara tatu, wazazi wengi hutangaza kuwa "haipendi". Watoto wengi huhitaji kuonja kitu kipya mara nane, kumi, hata zaidi. Hapo ndipo rojo ya tufaha inapopata kazi yake halali: changanya vijiko vitatu vya karoti na kimoja cha tufaha, na baada ya wiki punguza tufaha. Ukigeuza uwiano huo unamfundisha kusubiri utamu.

Kutengeneza rojo yenyewe nyumbani ni rahisi. Matufaha manne ya wastani, osha kwa maji ya uvuguvugu ukisugua kwa sababu mengi ya dukani yamepakwa nta, toa kokwa na kiini, acha ganda. Maji nusu kikombe, moto mdogo, dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga, kwani sukari yake huungua chini upesi. Maji yakizidi utapata supu. Kijiko cha chai cha maji ya limau kinazuia weusi. Golden Delicious na Granny Smith hulainika vizuri. Red Delicious hubaki na ladha ya kupooza. Mdalasini si lazima. Mwaka 2023 baadhi ya rojo za tufaha za watoto zilizotiwa mdalasini ziliondolewa sokoni Marekani baada ya mdalasini huo kukutwa na madini ya risasi.

Na tafadhali msimpe mtoto anayeharisha rojo ya tufaha peke yake siku nzima. Anahitaji ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), zinki, kunyonya, na chakula chake cha kawaida.

Tena, karoti na tufaha vyote viwili havina protini hata ya gramu 1 kwa gramu 100, na madini ya chuma ni kidogo mno, ilhali mtoto wa miezi tisa anahitaji miligramu 11 za chuma kwa siku. Bakuli lake liwe na yai, maharage, samaki au unga wa dagaa, karoti iwe pembeni. Karoti zikipanda bei, viazi lishe vya rangi ya chungwa vinafanya kazi ile ile na vinashibisha zaidi. Usiache matone ya vitamini A ya kliniki kila miezi sita kwa kuwa anakula karoti, wala usiache karoti kwa kuwa amepata matone.

Karoti iliyopondwa ipoe haraka, iwekwe kwenye friji isizidi siku mbili, au igandishwe kwenye trei ya barafu kwa mwezi mmoja. Vipande vibichi, vya karoti au vya tufaha, visimfikie aliye chini ya miaka minne, vinakaba koo. Viganja na nyayo vikianza kuwa vya manjano, angalia weupe wa macho. Ukiwa mweupe kama kawaida, ni karoti tu zimezidi: punguza na rangi itaondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Macho nayo yakiwa ya manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo.