Maziwa hayakati sumu

Maswali yenu ya mwezi huu nayajibu mimi, mfugaji wa ng'ombe watatu wa maziwa hapa Kitunda.

Shikamoo mama. Mimi ni fundi rangi, naishi Tandika. Miaka yote bosi alikuwa akitununulia maziwa jioni ili yakate sumu ya rangi. Bosi mpya amegoma. Je, si anatuonea? Halafu mtoto akinywa mafuta ya taa, si ndiyo maziwa hayohayo anapewa?

Marahaba mwanangu. Mimi nauza maziwa, ningependa uendelee kununua, lakini hayakati sumu. Mvuke wa rangi ya mafuta na thina unauvuta kwa pua. Unaingia mapafuni, na kutoka mapafuni unaingia kwenye damu. Maziwa yanakwenda tumboni. Hivyo viwili havikutani popote. Ukijisikia una nguvu baada ya kunywa, ni kwa sababu umepata chakula: protini, mafuta na sukari, baada ya kushinda juu ya ngazi na njaa. Kwa bosi wako dai barakoa yenye kichujio cha mvuke, maana ile ya kitambaa haizuii mvuke. Dai na glovu, na madirisha yaachwe wazi mnapopaka. Akiwanunulia na maziwa, kunyweni kama chakula.

Swali lako la mtoto ndilo lililonikosesha usingizi. Miaka ya nyuma, jirani yangu alikuja mbio magharibi ameshika kikombe cha bati. "Mama, nikamulie haraka!" Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, chini ya meza ya jiko. Nikakamua. Tena mimi ndiye niliyemshika kichwa wakati mama yake anamnywesha. Alimeza mafunda mawili. La tatu lilirudi na harufu ya taa, akapaliwa, akakohoa mpaka midomo ikageuka rangi. Tulipofika hospitali na bajaji, daktari hakuuliza kwanza amekunywa nini. Aliuliza: "Mmempa nini?"

Ndipo nilipoelewa. Mafuta ya taa hatari yake kubwa haiko tumboni, iko mapafuni. Ni mepesi, yanateleza. Mtoto akitapika, kiasi kidogo tu kikipita njia ya hewa kinajeruhi mapafu. Sisi kwa kumjaza maziwa tulikuwa tunamsogeza kwenye kutapika. Alilazwa siku nne, akapona, na leo yuko sekondari. Kile kikombe cha bati sijakisahau.

Kwa hiyo nakuomba, uwaambie na wenzako: usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula, usimtie kidole kooni. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, beba ile chupa, mkimbize hospitali. Nenda hata kama anacheza, kwani kikohozi na homa vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuzia nondo kabatini, navyo mtoto akivimeza usimpe maziwa: sumu yake inayeyuka kwenye mafuta, na maziwa yana mafuta, kwa hiyo yanaweza kuisaidia kuingia mwilini.

Maziwa ya boksi yanakaa kabatini miezi bila friji. Wanatia dawa gani? Msomaji, Sinza.

Hakuna dawa, ni joto. Yanapashwa hadi nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, kisha yanafungwa kwenye boksi lisilo na vijidudu, lisilopitisha hewa wala mwanga. Ukishalifungua ni maziwa kama mengine: weka kwenye friji, yamalize siku chache. Boksi lililovimba tupa. Na haya yangu ya kukamua, yachemshe mpaka yafure. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na homa ya kutupa mimba, na hata ng'ombe mwenye afya machoni anaweza kuwa navyo.

Mfugaji anayeniuzia anasema ng'ombe "amekaushwa" miezi miwili. Nahisi ananizungusha, anauzia wengine. Ng'ombe wa kisasa si anatoa maziwa mwaka mzima? Mteja, Gongo la Mboto.

Usimfikirie vibaya. Ng'ombe hatoi maziwa kwa sababu ni wa kisasa, anatoa kwa sababu amezaa. Mtamba ambaye hajazaa unamlisha bure. Ng'ombe anabeba mimba miezi tisa na siku kadhaa, na zile siku 60 za mwisho tunaacha kumkamua ili kiwele kijijenge upya na ndama akue tumboni. Ukimkamua mpaka siku ya kuzaa, uzao unaofuata maziwa yatapungua, na hasara ni yako pia.

Wangu mkubwa, Neema, yuko kwenye mapumziko hayo sasa. Kiwele kilichokuwa kimejaa kimenywea, ngozi imejikunja kama mfuko mtupu. Saa kumi alfajiri nikimpita na ndoo kwenda kwa wenzake, anasimama mlangoni kunitazama. Namtupia pumba kidogo, si mashudu mengi, asinenepe akapata shida kuzaa.

Hata akizaa utasubiri. Maziwa ya kwanza ni dang'a, mazito ya njano, na ni ya ndama. Ndama anazaliwa bila kinga ya magonjwa, anaipata humo, na lazima anywe ndani ya saa chache za mwanzo. Kuna wateja wanaonibembeleza niwauzie dang'a. Ndama kwanza. Isitoshe, dawa tunayotia kwenye chuchu siku ya kumkausha ina muda wake wa kuisha mwilini, na kabla ya hapo maziwa hayauzwi.

Muulize mfugaji wako ng'ombe anatarajiwa kuzaa lini, kisha ongeza wiki moja. Wateja wa Neema wote nimewapa tarehe, na kwa sasa wanagawana nusu lita nusu lita za hawa wawili waliobaki.