Begi Lisipofika: Usikubali Kuambiwa Usubiri Tu

Ndugu, umeeleza kwamba ndege yako ya kimataifa ilichelewa, begi halikuonekana, na mhudumu akakuambia usubiri bila kukupa karatasi yoyote. Rudi leo hii kwenye dawati la mizigo uandikiwe ripoti yenye namba ya kumbukumbu, na ukitunze kile kikaratasi cha namba ya mzigo ulichobandikiwa wakati wa kukabidhi begi, kwa kuwa ndicho ushahidi kwamba shirika lililipokea.

Kwa safari zinazosimamiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, yaani mkataba wa kimataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, begi lisilofika ndani ya siku 21 huhesabiwa kuwa limepotea. Likifika limechelewa, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Likiwa limeharibika, una siku 7 tu, na hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Kikomo cha fidia ya mzigo ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), lakini hulipwi kiasi hicho bila kuthibitisha hasara, hivyo tunza risiti za nguo na dawa ulizolazimika kununua.

Kuhusu kuchelewa kwa ndege, shirika huepuka fidia likithibitisha kuwa lilichukua kila hatua ya busara kuzuia hasara. Kwa hiyo lidai shirika likupe sababu kwa maandishi. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2.