Carvajal na benchi la Madrid

Kaka, unasema kuumia kwa Carvajal, beki wa kulia wa Real Madrid, hakukuwa hoja kwa sababu Madrid ilikuwa na benchi pana. Mimi nakataa. Tarehe 5 Oktoba 2024, dhidi ya Villarreal, kano za goti lake la kulia zilichanika na msimu wake ukaishia pale. Lucas Vázquez, winga wa zamani aliyekuwa akiba yake, akageuka wa kuanza. Sasa akiba ya Vázquez akawa nani? Valverde! Yaani kiungo anayekimbia kuliko wote akahamishiwa namba mbili, yaani beki ya kulia, na katikati ukaachwa pengo jingine. Novemba Militão, beki wa kati, naye akaumia goti, na mechi hiyo hiyo Vázquez akatoka majeruhi. Ndipo beki kijana Asencio akaingizwa, mechi yake ya kwanza timu ya wakubwa.

Halafu Carvajal, wakati ule mtu wa miaka 32 aliyebeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara 6, alikuwa akipanga safu ya nyuma kwa mdomo. Hata timu zetu za mtaa hapa Ngarenaro, Arusha, beki mkubwa akikosekana, bwana mdogo anapewa jezi lakini hana wa kumwambia asogee wapi.

Aprili 2025 pale London, Arsenal waliposhinda 3-0, namba mbili wa Madrid alikuwa Valverde. Msimu ulipoisha Madrid wakamchukua Alexander-Arnold, beki wa kulia wa Liverpool, na wakailipa Liverpool ili aje kabla mkataba wake haujaisha.