Chama nisichokipigia kura kikileta mageuzi, nitaangalia yanaanza kumfunga nani

Swali la mleta mada ni fupi: chama usichokitaka kiko madarakani, je, kuna mageuzi ya kisiasa ambayo kikiyaleta utayaunga mkono? Wengi waliotangulia wamejibu kwamba hakuna, kwamba mshindani wako hakupi kitu bila kuficha ndoana ndani yake. Mimi nasema yapo, tena ni mengi. Ninachotaka kujua kabla sijapiga makofi ni jambo moja tu: yanamfunga nani, na kuanzia lini? Yakimfunga aliyeyaleta kuanzia leo, akiwa bado ameshika usukani, nayapokea hata kama nia yake siipendi. Yakianza kufanya kazi siku akishaondoka, hapo nitaomba tuisome tena hiyo karatasi.

Nasema haya kama mtu aliyekaa upande wa wachache kwa muda mrefu. Nimekuwa wakala wa chama kituoni katika chaguzi kadhaa, kisha nikaingia barazani kama diwani wa upinzani, katika ukumbi ambao sisi wote wa upande wetu tulitosha kwenye benchi moja. Kwa hiyo orodha yangu haikutoka kwenye ilani ya chama chochote. Imetoka kwenye vitu nilivyovikosa.

Cha kwanza ni fomu ya matokeo. Ambaye hajawahi kukesha kituoni atadhani wizi wa kura ni kujaza kura kwenye sanduku. Unaweza kuwa huo, lakini mara nyingi kasheshe huanza kura zikishahesabiwa salama. Nina usiku mmoja ninaoukumbuka vizuri. Msimamizi wa kituo alikuwa mtu makini. Aliinua kila karatasi, akaigeuza ili wote tuione, akasoma jina kwa sauti. Sisi mawakala tulichora vijiti vitano vitano kwenye madaftari yetu. Mimi na wakala wa chama tawala tulibishana juu ya karatasi iliyowekewa alama juu kabisa ya mstari unaotenganisha wagombea wawili, tukaisogeza kwenye taa, tukakubaliana kwamba imeharibika. Mwisho wa hesabu, daftari langu na lake vilioana hadi kura ya mwisho. Sasa ikaja fomu. Tukaambiwa nakala za mawakala zimekwisha, tusaini hiyohiyo moja inayokwenda kwa msimamizi wa jimbo. Nikatoka na vijiti vyangu, ambavyo ukivipeleka mahakamani utachekwa.

Wakala mwenzangu wa chama tawala hakuona shida yoyote usiku ule, maana kwa kura za ngazi za juu walikuwa wameshinda. Wiki chache baadaye mgombea udiwani wa chama chake akawa anapinga matokeo ya kata, na huyohuyo wakala akanitafuta kuuliza kama nilibaki na karatasi yoyote yenye saini. Hakuwa na lolote zaidi ya daftari, kama mimi.

Ndiyo maana chama tawala kikileta muswada unaosema kila wakala apewe nakala yenye saini, nyingine ibandikwe mlangoni mwa kituo, picha ya fomu iwekwe mtandaoni usiku huohuo, na namba za kituoni zisiguswe na mtu yeyote huko juu, nitausifia bila kuuliza nani ameuandika. Jirani zetu Wakenya wameonyesha jinsi jambo hili linavyofanya kazi. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo yaliyotangazwa kwenye eneo bunge, yaani jimbo, ni ya mwisho, kwamba makao makuu ya tume hayana mamlaka ya kuyabadilisha. Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, na suala la fomu na namna zilivyosafirishwa lilikuwa katikati ya kesi. Uchaguzi wa 2022 ulipofika, tume iliziweka mtandaoni fomu za vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye simu na kikokotoo angeweza kujumlisha mwenyewe. Watu walibishana bado, na kesi ilifunguliwa bado, lakini ubishi ulikuwa juu ya karatasi ambazo kila mmoja anaziona.

Sasa turudi kwenye hoja ya ndoana. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Ghana. Mwaka 1992 wapinzani wa Jerry Rawlings, mtawala wa nchi hiyo, walishindwa uchaguzi wa rais, wakalia kwamba wameibiwa, wakasusia uchaguzi wa wabunge uliofuata karibu miezi miwili baadaye. Bunge likabaki la upande mmoja. Kisha tume ya uchaguzi ikaanzisha, mwaka 1994, kamati ya ushauri ya vyama vyote, ambamo vyama hukaa meza moja na tume na kujadili taratibu. Wapinzani walikuwa na kila sababu ya kusema huu ni mtego wa serikali ileile. Wakaingia. Uchaguzi wa 1996 ukafanyika kwa masanduku yanayoonyesha ndani, ambayo mpiga kura wa kwanza asubuhi anayaona kwa macho yake kwamba ni matupu. Na wapinzani wakashindwa tena! Hapo ndipo wengi wetu tungetoa tangazo la kususa. Wao walibaki, na Desemba 2000 mgombea wao John Kufuor akashinda katika duru ya pili, chama cha Rawlings kikakabidhi ofisi. Mwaka 2008 utaratibu huohuo ukakirudisha chama hicho madarakani kwa tofauti ya kura kama 40,000 tu nchi nzima, na walioshindwa wakakubali.

Angalieni nani alinufaika. Chama kilichokuwa kinatawala wakati taratibu zinarekebishwa ndicho kilichoondolewa nazo, na ndicho kilichorudishwa nazo. Kwenye kamati za namna hiyo unaweza kuingia bila kumwamini mtu yeyote mezani.

Cha pili kwenye orodha yangu kinaonekana kidogo, lakini mtu aliyekaa barazani atanielewa. Ni makabrasha. Diwani wa chama tawala hupata taarifa mapema kwenye kikao cha chama chake, huko ndiko mambo yanakoamuliwa. Sisi tulikuwa tunakabidhiwa kabrasha la bajeti asubuhi ya kikao, zito kama tofali, kisha mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye hoja. Unakuwa na hoja gani wakati bado unatafuta ukurasa? Nilijifunza kuanzia nyuma, kwenye majedwali, kwa sababu maneno ya mbele yote ni mazuri. Siku moja nilikuta mradi uleule wa ukarabati umeandikwa kwenye mafungu mawili tofauti, nikasimama kuuliza, nikajibiwa kwamba muda wa maswali umekwisha. Suala likaja kuibuliwa na mkaguzi, fedha zikiwa zimeshatumika.

Kwa hiyo chama tawala kikisema makabrasha yatoke siku kadhaa kabla ya kikao, na kamati inayopitia ripoti za mkaguzi iongozwe na mtu wa upinzani, mimi nitanyanyua mikono yote miwili. Hili la kamati si ndoto. Bunge la Uingereza lina kamati yake ya hesabu za serikali tangu 1861, na kwa desturi mwenyekiti wake hutoka upinzani. Nchi nyingi zilizorithi mfumo ule zimeufuata, zingine kwa kanuni zilizoandikwa, zingine kwa hisani ya mkubwa. Hisani siitaki. Nataka iandikwe.

Na tukiwa bado Uingereza, kuna kisa cha fedha ambacho huwa nawasimulia wenzangu chamani. Mwaka 1975 serikali ya Labour ilipitisha bungeni utaratibu wa kuvipa vyama vya upinzani fedha za umma kwa ajili ya kazi zao za kibunge: watafiti, makarani, ofisi ya kiongozi wa upinzani. Aliyeusimamia ni Edward Short, na hadi leo fedha hizo zinaitwa kwa jina lake. Mpokeaji mkubwa wa wakati ule alikuwa chama cha Conservative, kilichokuwa kimemchagua Margaret Thatcher kuwa kiongozi mwaka huohuo. Fikiria kelele zilizokuwepo ndani ya Labour: tunamlipia adui makarani! Conservative wakashinda 1979, na Labour wakakaa benchi la upinzani hadi 1997. Miaka 18 wakiendesha ofisi zao kwa msaada wa fedha zilezile.

Nimesema nia hainisumbui, na kwa hili kuna waliokunja uso. Basi tazameni ukomo wa urais Marekani. Franklin Roosevelt alichaguliwa mara nne mfululizo, mara ya mwisho mwaka 1944. Republican walipolipata Bunge mwaka 1947 walikimbilia kupitisha marekebisho ya katiba kwamba mtu asichaguliwe zaidi ya mara mbili. Chuki dhidi ya marehemu Roosevelt na chama chake ilikuwa wazi. Marekebisho yaliridhiwa na majimbo mwaka 1951, na kifungu chake kilimsamehe Harry Truman, rais wa Democratic aliyekuwa madarakani. Wa kwanza kubanwa nayo akawa Dwight Eisenhower, Republican, aliyemaliza vipindi vyake viwili mwaka 1961. Ronald Reagan naye, Republican, yakamkuta. Democratic waliopiga kura ya hapana kwa sababu ya kumtetea marehemu walikuwa wanapinga sheria ambayo ingewafaa.

Upande wa pili lazima niuseme, maana siandiki hapa kuwapamba watawala. Kuna mageuzi yanayoahidiwa na chama kikiwa nje, halafu kikiingia ndani joto linashuka. Kanada, mwaka 2015, Justin Trudeau, kiongozi wa chama cha Liberal kilichokuwa upinzani, aliahidi kwamba ule ungekuwa uchaguzi wa mwisho kwa mfumo wa aliyeongoza jimboni kuchukua kiti chote. Chama chake kikapata viti 184 kati ya 338 kwa asilimia 39 na ushei ya kura. Februari 2017 serikali yake ikatangaza kwamba mpango umeachwa. Mfumo uliokupa viti vingi kuliko kura zako unakuwa mtamu ghafla.

Linganisha na New Zealand. Mwaka 1978 na tena 1981 chama cha Labour cha huko kilipata kura nyingi kuliko mshindani wake, National, na bado kikashindwa kwa viti. Kilipoingia madarakani kikaunda tume ya kuchunguza mfumo, nayo mwaka 1986 ikapendekeza uwiano, yaani viti vigawanywe kulingana na kura. Labour wenyewe wakasitasita. Cha ajabu, waliofikisha jambo hilo kwa wananchi ni National, chama ambacho vigogo wake wengi hawakuutaka mfumo mpya. Waliahidi kura ya maoni, wakabanwa na ahadi, zikafanyika mbili, 1992 na 1993, wananchi wakaamua kubadilisha. Uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo huo ulikuwa 1996. Ningekuwa mfuasi wa Labour kule, ningepaswa kumshukuru mpinzani wangu kwa kutimiza kile ambacho chama changu kilikiogopa.

Kwetu Tanzania, Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi, inatosha kwa mfano. Wengi wa waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, tume ikapendekeza vyama vingi, na chama tawala kikakubali mwaka 1992. Hilo lilistahili kupokelewa, na lilipokelewa. Lakini tume hiyohiyo iliorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na huko kasi ikawa ya kinyonga. Ukipewa nusu, chukua, kisha endelea kutaja nusu iliyobaki kwa jina na namba ya kifungu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni muswada wa mseto. Kifungu cha nne kinakupa nakala ya fomu, kifungu cha kumi na tisa kinampa waziri mamlaka ya kuchora upya mipaka ya majimbo. Magazeti yataandika kuhusu cha nne. Ndiyo sababu mimi huanza na vifungu vya mwishoni, tarehe ya kuanza kutumika na vile vya mpito, maana huko ndiko hufichwa maneno kama "baada ya uchaguzi mkuu ujao". Mtu wa upinzani asikubali wala kukataa muswada mzima kwa kauli moja mbele ya waandishi wa habari. Aseme: hiki ndiyo, hiki ndiyo, hiki hapana, na sababu ni hizi.

Mchangiaji mmoja hapo juu ameuliza, sasa wakipata sifa je? Si tutakuwa tumewajengea ushindi? Wapate. Waandike kwenye mabango kwamba wao ndio walioleta fomu za wazi. Katika kampeni nitasimama jukwaani niseme kweli ni wao, kisha nitaendelea na bei, ajira na barabara, ambako nina mengi ya kuwauliza. Na jioni ya kupiga kura mawakala wangu watatoka kila kituo wakiwa na karatasi yenye saini mfukoni.