Kihifadhi kwenye dawa ya sumu ya nyoka: anza na mililita, si asilimia

Kama umeingia kwenye kazi ya kutengeneza antivenomu, yaani dawa ya sumu ya nyoka, ukitokea kwenye chanjo au insulini, huenda umezoea kuona vihifadhi kama fenoli au kresoli kwenye lebo na kuvipita, kwa kuwa asilimia yake ni ndogo. Kwenye antivenomu mazoea hayo hayafai.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka fenoli isizidi gramu 2.5 kwa lita, na kresoli gramu 3.5. Insulini nyingi zina kresoli inayokaribia kiwango hicho, ila mgonjwa wa kisukari hujidunga sehemu ndogo tu ya mililita. Aliyeumwa na nyoka anaweza kuhitaji vichupa 10 vya mililita 10, na vyote vinapita kwenye mshipa kwa muda mfupi. Dawa ikiwa imefika ukomo huo, hizo ni miligramu 250 za fenoli. Kwa mtu mzima wa kilo 60 ni kama miligramu 4 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtoto wa kilo 10 ni 25, kwa sababu dozi ya antivenomu haipunguzwi kwa uzito: nyoka hampunguzii mtoto sumu.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa thiomersali, kihifadhi kingine, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Chanjo ya nusu mililita yenye asilimia 0.01 hubeba mikrogramu 25 za zebaki. Mililita 100 za antivenomu yenye asilimia hiyohiyo hubeba takribani miligramu 5, yaani mara 200. Kwangu mimi hesabu hiyo inatosha kuikataa.

Lakini usije ukamnyima mgonjwa dawa kwa hofu ya fenoli. Sumu inaua. Tena, mgonjwa akivimba midomo au presha ikishuka ghafla, usikimbilie kulaumu kihifadhi. Mara nyingi chanzo ni protini za mnyama aliyetoa plazma, yaani majimaji ya damu ambayo dawa hutengenezwa kwayo. Simamisha dripu, choma adrenalini kwenye msuli wa paja, mengine yafuate.

Upande wa uzalishaji, hapa ndipo ningependa ukae zaidi. Fenoli nzito ikimwagwa kwa mkupuo kwenye myeyusho wa protini, pale inapoangukia protini huharibika na kushikamana kuwa mabonge. Mabonge hayo yakiingia kwenye damu yanaweza kuamsha mfumo wa komplementi (protini za kinga zilizomo kwenye damu) na kumletea mgonjwa mzio mkali. Kwa hiyo punguza makali ya fenoli kwanza, kisha iongeze polepole huku unakoroga. Baadaye shika kichupa mbele ya mwanga, kwanza kwenye kitambaa cheusi halafu cheupe. Ukiona ukungu au vinyuzi vinavyoelea, bechi hiyo isitoke.

Jambo jingine linalowapoteza wengi: fenoli huzuia bakteria wasikue, lakini haiondoi endotoksini, yaani sumu iliyomo kwenye kuta zao. Bakteria wakishakua kwenye plazma, hata wakifa au wakichujwa baadaye, sumu hiyo hubaki, na mgonjwa anaanza kutetemeka kwa baridi na homa wakati dripu bado inaendelea. Bechi ikifeli kipimo cha endotoksini, kagua maji, mifuko ya plazma na muda iliokaa nje ya jokofu. Kuongeza kihifadhi hakutasaidia chochote. Kama kichujio cha mikromita 0.22 na ujazaji wa vichupa viko safi kweli, uliza hata kama kihifadhi kinahitajika, maana kichupa hutumika mara moja tu. Kwa dawa ya ungaunga hoja hiyo ina nguvu zaidi, kwani sehemu ya fenoli huvukizwa wakati wa kukaushwa kwa baridi.

Ukipangiwa vipimo vya nguvu ya dawa kwa panya, weka daima kundi linalopata antivenomu bila sumu, kwa ujazo uleule. Fenoli nyingi humfanya panya atetemeke, na bila kundi hilo utaandika kwamba dawa imeshindwa kuzuia sumu, kumbe panya wanateswa na kihifadhi.