Uzi wa zari haupitishwi, unalazwa

Umeuliza kwa nini uzi wa dhahabu unachunika kila ukiuvuta kwenye kitambaa. Si sindano yako, ni aina ya uzi. Zari nyingi ni utepe mwembamba wa madini uliozungushwa kwenye uzi wa hariri au pamba. Ukiukwaruza tundu kwa tundu, utepe unafumuka, unabaki na uzi wa ndani mtupu.

Wadarizi wa zamani waliulaza juu ya kitambaa, nyuzi mbili sambamba, wakaufunga kwa mishono midogo ya hariri. Ncha tu ndizo hushushwa upande wa chini, kwa sindano ya tundu kubwa. Paka uzi wa kufungia nta ya nyuki, utateleza vizuri.

Kila mahali wana namna yao. China na Japani walizungushia hariri vipande vya karatasi iliyopakwa dhahabu, kwa hiyo uzi ni mwepesi. Zardozi ya India na Pakistani (jina ni la Kiajemi, zar ni dhahabu, dozi ni kushona) hukata waya uliosokotwa kama springi na kuutunga kama shanga. Ila mimi walionivutia ni Waingereza wa karne ya 13 na 14: mshono wa kufungia ulivuta kitanzi kidogo cha dhahabu hadi nyuma, kila kitanzi kikawa kama bawaba, na joho zito la kanisani likakunjika bila kukakamaa.

Anza na kulaza tu. Hiyo ya vitanzi itakutoa jasho.